Shajara ya mradi: njia za mkato za kibodi kwa programu yetu ya kunukuu sauti

Tarehe 5 Mei

Programu sasa inacheza sauti na kupokea maandishi kwenye dirisha moja. Kilichobaki ndicho nilichokuwa nakikwepa tangu Januari: vitufe. Mtu anayenukuu simulizi ya mzee ya dakika 40 hana nafasi ya kushika kipanya. Anasikiliza maneno matano sita, anasimamisha, anaandika, anarudi nyuma kidogo kuhakikisha kama bibi alisema "ngalawa" au "ngarawa", anaendelea. Akilazimika kuinua mkono kila mara kutafuta alama ya kucheza kwenye skrini, kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili na bega linamuuma jioni. Nimenukuu hivyo mwenyewe kwa miaka, na ndiyo sababu ya mradi huu kuwepo.

Kazi zinazohitaji njia ya mkato ni chache: kucheza na kusimamisha, kurudi sekunde 3, kwenda mbele sekunde 3, kuweka alama ya muda, kubadilisha msemaji. Juu ya hizo kuna zile ambazo kila mtu anazo tayari vidoleni: hifadhi, nakili, kata, bandika, tendua, tafuta. Wanukuzi wetu wanatumia Windows, Mac na Linux, kwa hiyo programu lazima iwe nyumbani kwenye mifumo yote mitatu.

Tarehe 6 Mei

Wazo la kwanza lilikuwa kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini, kwa sababu kwenye programu nyingi za video na muziki ndicho kinachocheza na kusimamisha. Lakini sisi tunaandika, na kwa anayeandika nafasi ni nafasi. Basi nikafikiria kukiunganisha na kitufe kingine, nikaketi na kompyuta tatu mezani nikajaribu kila mchanganyiko.

Alt na nafasi kwenye Windows hufungua menyu ya dirisha, ile ya kulikuza na kulifunga. Command na nafasi kwenye Mac huleta Spotlight, kitafutio cha mfumo. Option na nafasi, Mac hiyohiyo, huandika nafasi isiyokatika: huioni kwa macho, lakini imo ndani ya maandishi, na siku ukitafuta maneno mawili yaliyofuatana hayapatikani. Control na nafasi hubadilisha lugha ya kibodi kwenye Mac iliyowekewa lugha zaidi ya moja. Kitufe cha Windows na nafasi, lugha tena. Kwenye Linux yenye eneo-kazi la GNOME, Super (jina la kitufe cha Windows huko) na nafasi, lugha vilevile. Iliyobaki huru ilikuwa Shift na nafasi. Nikaijaribu kwa nusu saa. Kila nilipoandika jina kwa herufi kubwa tupu sauti ilianza kucheza, maana kidole kilikuwa bado kimekaa kwenye Shift nilipofika kwenye nafasi.

Kitufe cha nafasi nimekifuta kwenye orodha.

Tarehe 8 Mei

Vitufe vya F. F1 ni msaada, hiyo haiguswi. F10 kwenye Windows huamsha menyu. F11 kwenye Mac husogeza madirisha yote pembeni na kuonyesha eneo-kazi. F7, F8 na F9 zilinivutia sana, kwa sababu kibodi za Mac zimechorwa juu yake alama za kurudi, kucheza na kwenda mbele. Nikadhani nimemaliza.

Nikampelekea mwenzetu mmoja ajaribu. Jioni akajibu kwamba kila akisimamisha sauti Wi-Fi inazimika. Kwenye laptopu nyingi za siku hizi F8 haiwi F8 mpaka ushike Fn. Bila Fn ni mwangaza, au sauti, au hali ya ndege, kila mtengenezaji na mpangilio wake. Kumwambia mtu ashike Fn kila baada ya maneno sita ni kumrudishia lile bega.

Esc nayo tuliizungumza kwa muda mrefu. Ipo pembeni, haina mshindani, na baadhi ya zana za kunukuu huitumia. Nilisita kwa mambo mawili. Watu wamezoea kuibonyeza kufunga kisanduku cha mazungumzo, na sitaki wafunge kisanduku huku sauti ikianza. La pili, MacBook Pro zenye Touch Bar zilizoanza kuuzwa 2016 hazikuwa na Esc ya kubonyea. Ilikuwa mchoro kwenye kioo, na kitufe chenyewe kilirudi 2019 kwenye ile ya inchi 16. Kompyuta hizo bado ziko mikononi mwa watu, zimenunuliwa mkono wa pili, na mnukuzi wetu mmoja anayo.

Tarehe 9 Mei

Leo nimeweka sheria moja, nimeibandika juu ya meza: hakuna mkato wowote wa Ctrl na Alt pamoja. Nilikuwa nimeshaandika Ctrl+Alt+M kwa ajili ya muda, nikiona M inakaa vizuri kwenye neno "muda". Tatizo ni kwamba Windows huichukulia AltGr, ile Alt ya kulia kwenye kibodi za Ulaya, kuwa sawa na Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja. Mjerumani anaandika @ kwa AltGr na Q. Programu ikimnyang'anya mchanganyiko huo, hawezi kuandika anwani ya barua pepe, na hatajua ni nani wa kumlaumu. Kwenye Linux Ctrl na Alt zina shughuli zake pia: zikiungana na vitufe vya F hukutoa kwenye eneo-kazi na kukupeleka kwenye skrini ya maandishi matupu, na kwenye Ubuntu zikiungana na T hufungua dirisha la amri.

Alama za uandishi nazo zimetoka. Nilitaka mabano ya mraba, la kushoto lirudishe na la kulia lipeleke mbele. Kwenye picha yalipendeza kweli. Kibodi ya Kijerumani mabano hayo yako AltGr na 8, AltGr na 9. Alama ya mkwaju, /, iko Shift na 7. Mkato unaohitaji vidole vitatu Berlin na viwili Dar es Salaam si mkato mmoja.

Tarehe 12 Mei

Jibu lilikuwepo siku zote kwa wahariri wa video: J hurudisha, K husimamisha, L hupeleka mbele. Wamefanya hivyo miaka mingi. Sisi hatuwezi kutumia herufi peke yake, lakini Ctrl+J, Ctrl+K na Ctrl+L kwenye Windows na Linux, na Command+J, Command+K na Command+L kwenye Mac, zote ziko huru ndani ya programu yetu. Programu za ofisi hutumia J na L kupanga aya. Sisi hatuna kupanga aya.

Kilichonifurahisha zaidi nilikiona nilipoweka picha za kibodi tatu pamoja. QWERTY ya Kimarekani, QWERTZ ya Kijerumani, AZERTY ya Kifaransa: herufi zinahamahama, A inakwenda kwa Q, Y inakwenda kwa Z, M inapanda mstari wa kati. J, K na L hazijasogea. Ziko palepale, chini ya vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwenye kibodi zote tatu. Hili si jambo dogo kwetu, maana Kiswahili kinaandikwa kwa kibodi hizi zote. Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura AZERTY ni ya kawaida. Na Kariakoo laptopu za mtumba kutoka Ujerumani zinauzwa na herufi zake zilezile.

Kwa alama ya muda nimechagua Ctrl+Enter: aya mpya inaanza ikiwa na saa yake mbele. Msemaji ni Ctrl+1, Ctrl+2, mpaka 4.

Kwa kuwa mahali pa vitufe pamenisaidia hivyo, nimebadilisha msimbo wote usome mahali pa kitufe badala ya herufi iliyochorwa juu yake. Toleo limekwenda kwa wajaribu wanne.

Tarehe 14 Mei

Ujumbe kutoka Mombasa, kwa dada anayetumia Mac: "Kaka, programu inakula maneno. Nikisimamisha sauti, nusu ya mstari inaondoka."

Nilitafuta kosa kwenye msimbo saa mbili nzima na halikuwepo. Mwisho nikamwomba anirekodie skrini. Alikuwa akibonyeza Control na K, kwa sababu mwongozo nilioandika ulisema "Ctrl+K" na kitufe chenye jina hilo anacho. Kwenye Mac, Control na K ndani ya sehemu yoyote ya maandishi hufuta kuanzia kishale mpaka mwisho wa mstari. Ni desturi ya zamani iliyotoka kwenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi, pamoja na Control+A ya kwenda mwanzo wa mstari na Control+E ya kwenda mwisho. Sauti haikusimama, akabonyeza tena, mstari mwingine ukaenda. Nilimwonyesha kwamba Control+Y hurudisha kilichofutwa, akaokoa kidogo. Mengine ilibidi asikilize upya.

Kosa ni la mwongozo wangu. Kitufe cha Command kwenye Mac kina jina lake na alama yake, ile fundo ya pembe nne ambayo Susan Kare aliichagua kwa ajili ya Macintosh ya kwanza kutoka kwenye ishara ya Skandinavia ya mahali pa kihistoria. Anayeketi mbele ya Mac anatafuta alama hiyo. Kuanzia leo menyu, msaada na ujumbe wa kwanza wa makaribisho vinauliza mfumo kabla ya kuandika jina la kitufe. Neno "Ctrl" halitaonekana tena kwenye Mac isipokuwa tunamaanisha Control kweli.

Tarehe 17 Mei

Siku mbaya kuliko zote za mradi huu.

Mjaribu wa Bujumbura, Linux, AZERTY. Aliandika dakika 20, akakosea neno, akabonyeza tendua. Dirisha likafungwa. Onyo la "Je, uhifadhi mabadiliko?" lilikuwa kwenye orodha ya kazi za wiki ijayo, kwa hiyo hakuna kilichoulizwa na hakuna kilichobaki. Aliniandikia kwa upole, "Ndugu, labda ni mimi nimekosea kitufe." Hakukosea kitufe.

Kwenye AZERTY herufi Z iko pale ambapo QWERTY ina W. Nilikuwa nimeiagiza programu isome mahali. Yeye alibonyeza Ctrl na Z kama alivyofanya maisha yake yote. Programu ikaangalia mahali, ikaona "W", na Ctrl+W ni kufunga. Tendua ikawa funga. Na kama angetaka kufunga kwa Ctrl+W, programu ingetendua, kwa sababu W yake iko pale penye Z yetu.

Nilijiuliza kwa nini kosa hili halikuonekana Dar es Salaam, wakati dada anayejaribu huko ana laptopu ya Kijerumani ya mtumba. Nikampigia. Kumbe alishaiambia Windows kwamba kibodi ni ya Kimarekani, halafu akanunua stika za herufi akazibandika juu ya vitufe, Y juu ya Z na Z juu ya Y. Ile ya Y imeshaanza kubanduka pembeni, akaniambia, huwa anaikandamiza na ukucha. Kwa kompyuta yake mahali na herufi vinakubaliana. Nilikuwa na kibodi ya Kijerumani kwenye majaribio, lakini mpangilio wa Kijerumani sikuwa nao. Ungekuwepo, Ctrl+Z ingeangukia penye Y, na kwenye Windows Ctrl+Y ni kufanya upya: mtu anatendua na kosa linarudi.

Nimemwomba radhi ndugu wa Bujumbura, na simulizi ile nimeinukuu mwenyewe upya usiku huu.

Tarehe 18 Mei

Marekebisho. Mikato ambayo mtu amekuja nayo kutoka kwingine, Z, X, C, V, S, F, W, inasomwa kwa herufi. Namba za wasemaji zinasomwa kwa mahali, kwa sababu kwenye AZERTY mstari wa juu bila Shift huandika & na é na alama nyingine, namba ziko juu yake; ukisubiri herufi "1" huipati kamwe bila kidole cha ziada. J, K, L zinasomwa kwa herufi, na hazibadiliki kwenye kibodi zetu tatu.

Kabla ya kulala nilirudi kwenye historia ya hizo nne za mwanzo, maana sasa nina uchungu nazo. Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza kukata na kubandika kwenye programu ya Gypsy huko Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, katikati ya miaka ya 1970, na Tesler alipohamia Apple, kompyuta yao ya Lisa ya 1983 ikawa na Z, X, C, V kwa ajili ya kutendua, kukata, kunakili na kubandika. Ziko jirani, mstari wa chini, mkono wa kushoto. Ujirani huo ni wa kibodi ya Kimarekani. Mfaransa ana W, X, C, V. Mjerumani ana Y, X, C, V. Tatu zilikaa na moja ikatawanyika, ileile ya kutendua, ambayo mtu huihitaji akiwa ameshtuka.

Apple waliziweka kwenye Command, kitufe kilichojitenga na Control. Windows ilizichukua ikaziweka kwenye Ctrl, na hapo ndipo dirisha la amri lilipopata shida, kwa sababu Ctrl+C ilikuwa na kazi kabla: C ni herufi ya tatu, Ctrl+C hutuma alama namba 3 ya ASCII, jedwali linalopa kila herufi namba yake, na mifumo ya aina ya Unix, kama Linux, huisoma kama amri ya kukatiza programu inayoendelea. Ndiyo maana kwenye dirisha la amri la Linux watu hunakili kwa Ctrl+Shift+C, na kwenye Mac hakuna ugomvi wowote.

Jambo moja dogo la kuacha lilivyo: mjaribu wetu mwenye umri mkubwa, karani mstaafu, hanakili kwa Ctrl+C kabisa. Anatumia Ctrl+Insert na Shift+Insert, zilizotoka kwenye mwongozo wa IBM wa mwishoni mwa miaka ya 1980 uitwao CUA. Windows bado inazipokea. Yetu pia itazipokea.

Tarehe 22 Mei

Menyu za Kiswahili. Mmoja wetu alipendekeza kwamba kama menyu inasema "Hifadhi", basi mkato uwe Ctrl+H, na "Tendua" iwe Ctrl+T. Hoja yake ina uzito: S ya "save" haimwambii chochote bibi ambaye hajasoma Kiingereza. Na waliofanya hivyo wapo. Word ya Kihispania huhifadhi kwa Ctrl+G, G ya "guardar", na Ctrl+S yake hupiga mstari chini ya maneno.

Nimekataa, na nataka sababu ibaki hapa. Mnukuzi wetu hafanyi kazi ndani ya programu yetu pekee. Anatoka kwenye kivinjari, anaingia kwetu, anatoka kwenda kwenye barua. S iko kidoleni mwake hata kama hajui inasimamia nini, kama vile watu wengi wanavyobonyeza V kubandika bila kuuliza V ni ya nini. Isitoshe Command+H kwenye Mac huficha programu nzima. Mtu anahifadhi, na kazi yake inatoweka mbele ya macho.

Ila herufi zenye mstari chini kwenye menyu, zile za kufikia kwa Alt kwenye Windows na Linux, hizo lazima ziwe za Kiswahili, kwa sababu mtu huzisoma kwenye skrini. Hapo lugha yetu ina tabia yake. Nilipoandika Faili, Hariri, Mwonekano, Sauti, Msemaji, Msaada, nilipata M tatu, maana ngeli ya M- imesimama mlangoni. Ndani ya Faili nina Fungua na Funga, zinazofanana mpaka herufi ya nne. Nimeamua kuruka kiambishi na kuchukua irabu ya kwanza ya shina: O kwa Mwonekano, E kwa Msemaji, A kwa Msaada. Fungua imechukua U, Funga imechukua G. Msomaji mmoja aliuliza kwa nini Msaada usipewe M kwa kuwa ndio maarufu. Nikamjibu kwamba basi wale wengine wawili watakuwa na sheria tofauti, na mtu ataikumbuka sheria moja kwa urahisi zaidi kuliko majina sita.

Tarehe 25 Mei

Mnukuzi asiyeona alijaribu kwa mara ya kwanza, Windows na NVDA. NVDA ni kisoma skrini cha bure kilichoanzia Australia mwaka 2006, na sauti ya eSpeak NG iliyo ndani yake inasoma Kiswahili. Amri zake nyingi hutumia Insert au Caps Lock, ambazo hatuzigusi isipokuwa Insert ya yule karani. Kwenye Mac VoiceOver hutumia Control na Option pamoja. Hatuna mkato hapo.

Nilihofia sauti mbili kugongana, ya NVDA na ya simulizi. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: Ctrl peke yake huinyamazisha NVDA. Kwa hiyo anapobonyeza Ctrl+K kucheza, NVDA inanyamaza kwanza, halafu mzee anaanza kusimulia. Alirudia mara tatu nisikilize kwenye simu. Alichoomba ni kimoja: anaposimamisha, programu iseme saa iliyofikiwa, kwa ufupi, "dakika 12, sekunde 40", bila maneno mengine. Nimeiweka usiku huohuo.

Tarehe 30 Mei

Toleo jipya limetoka kwa wote. Onyo la kuhifadhi lipo, na hifadhi ya moja kwa moja kila sekunde 30 ipo. Mikato yote mitano ya kwetu inaweza kubadilishwa kwenye mipangilio. Ukichagua mchanganyiko ambao mfumo wako umeshauchukua, programu inakuambia ni kazi gani itapotea. Nimeongeza pia karatasi ya kuchapisha, nusu ukurasa, yenye picha ya kibodi ya mtu mwenyewe na J, K, L zimepakwa wino.

Bujumbura ameniandikia mchana. Amemaliza simulizi ya saa nzima, na alibonyeza tendua mara nyingi kwa makusudi. Ameomba kibodi kwenye karatasi yake iwe AZERTY ya Ubelgiji, kwa sababu laptopu yake si ya Ufaransa na alama kadhaa zimekaa pengine. Hilo ndilo la kesho asubuhi.